Mama alisema "msinizungushe", kila mtoto akasikia lake. Tuandike wosia wa matibabu wakati bado tunaongea

BintiTandahimba (mleta uzi)

Habari zenu wanajamvi, wakubwa shikamooni. Huu uzi nimeuandika nikaufuta kama mara nne, leo naupandisha hivo hivo ulivyo.

Mama yangu alianguka Oktoba 2021, msimu wa korosho umechanganya, kaka zangu wote wako mnadani wanasubiri bei itajwe. Kiharusi. Upande wa kulia wote ukalala na sauti ikaondoka, anakutazama, machozi yanamtoka, mdomo unataka kusema ila kinachotoka ni "aaa" tu. Tukamtoa kijijini kwa gari ya kukodi mpaka hospitali, jina la hospitali siweki.

Sasa mama yangu alikuwa mtu wa mipango jamani. Mikorosho yake 47 alishaigawa zamani, anajua mti upi wa nani, ule unaosumbuliwa na ugonjwa wa ubwiriunga kila mwaka anajua kampa nani na akafidia na upi. Wosia umeandikwa, mashahidi wapo, mwenyekiti wa kijiji kaweka saini. Siku ya arobaini hakuna aliyegombania hata kivuli cha mkorosho. Tulichogombania sisi ni mwili wake, na tuligombania akiwa bado hai anatusikia.

Daktari alituita kwenye korido akasema mgonjwa hawezi kumeza, tunataka tumuwekee mpira wa kulishia puani, na kuna uwezekano wa rufaa kwenda Dar. Afu akauliza swali moja tu, "mama mwenyewe aliwahi kusema angependa nini?"

Aliwahi kusema. Mwaka mmoja nyuma tulikuwa barazani tunakula ming'oko, tunamuongelea jirani yetu aliyefariki baada ya kuhangaishwa sana, mama akasema "mimi ikinifika msinizungushe." Tulikuwepo watatu, wote tumesikia neno lile lile. Kaka mkubwa akamwambia daktari mama alikataa kupelekwa Dar, anataka afie nyumbani. Dada yangu akaruka, akasema mama alikuwa anasema habari za waganga, kwa sababu yule jirani alizungushwa kwa waganga watatu kabla hajafikishwa hospitali, kwa hiyo mama alimaanisha nipelekeni hospitali moja kwa moja. Mimi nikiulizwa nasema wote wana haki, na kusema hivo ni sawa na kutosema kitu.

Jioni akafika mjomba kutoka Newala. Kasimama mlangoni kwa wodi akasema huyu ni dada yangu tumbo moja, nyie mnaamua kama nani? Na kwa mila zetu Wamakonde hakukosea, ukoo wetu unafuata kwa mama, mjomba ndo mwenye neno. Baba alikuwa kakaa kwenye benchi kashika mfuko wa nguo za mama, miaka 40 ya ndoa, hakuna aliyemgeukia kumuuliza.

Mpira ukawekwa. Mama akawa anautoa kwa mkono wa kushoto, ule mzima. Anautoa, wanaurudisha. Mara ya tatu wakamfunga ule mkono kwenye chuma cha kitanda kwa bandeji, walifunga kwa upole, fundo limelegea, wakaweka na pamba chini isimchubue. Mi nilikaa pale natazama vidole vyake vinavyochezea ncha ya bandeji. Ndo mkono pekee aliokuwa nao. Kaka akasema mama ameshajibu, anakataa. Dada akasema mtu yeyote akiwekewa mpira puani atautoa maana unawasha. Tukabishana kwa kunong'ona mbele yake. Alikuwa anatutazama, macho yanahama kwa huyu yanaenda kwa yule.

Siku 11. Gari ya Dar ilikodiwa mara mbili ikaghairiwa mara mbili, nyumbani hakurudishwa, kila siku kikao. Siku ya 11 alfajiri akaondoka. Mpaka leo kaka na dada hawajala sahani moja, hata Idi.

Ninachoomba humu ni kitu kimoja, tuandike mapema tunataka tutibiwe vipi na nani aseme kwa niaba yetu siku mdomo ukigoma. Nasikia nchi za wenzetu ni kitu cha kawaida. Mwenye kujua vizuri aweke hapa, na aliyepitia asimulie.

KijanaWaShangani

Pole sana dada. Hapo kwenye bandeji nimeweka simu chini kwanza.

NesiZamuYaUsiku

Pole mleta uzi. Mi niko wodini mwaka wa 14 mikoa hii ya kusini na neno kama hilo la "msinizungushe" naletewa kila wiki. Wengine wanaleta "asiteseke", wengine "fanyeni kila kitu". Yote ni maneno ya upendo ila ukiwa na mgonjwa saa nane usiku pumzi imebadilika hayakwambii ufanye nini, kwa sababu kuna ndugu "asiteseke" kwake ni mashine itolewe na kuna ndugu "asiteseke" kwake ni mashine iwekwe haraka.

Mtu akitaka kuandika ataje vitu kwa majina yake. Kukandamizwa kifua moyo ukisimama, na ajue kwamba ukimfanyia mzee mwenye mifupa laini mbavu zinavunjika, mi nimezisikia zikilia chini ya viganja vyangu. Mashine ya kupumulia, huo mpira unapita kooni kwa hiyo ukiwa nao huongei na mara nyingi unapewa dawa ya usingizi. Kusafishwa damu figo zikikataa. Kuongezewa damu. Mpira wa puani. Rufaa, na iwe rufaa ya wapi, maana sa hizi ipo Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo Mikindani, kwa hiyo si lazima kila rufaa iwe Dar.

Halafu niseme hili kwa sababu naona limemuumiza mleta uzi. Mpira wa puani kwa mgonjwa wa kiharusi mara nyingi ni wa muda, wagonjwa wengi kumeza kunarudi ndani ya wiki za mwanzo, hivyo kuuweka haikuwa kumtesa mama. Na kuutoa kwa mkono kunaweza kuwa jibu na kunaweza kuwa muwasho tu, sisi wenyewe hatuwezi kutofautisha kwa mtu asiyeongea. Kaka yako hakusema uongo na dada yako hakusema uongo. Ndo maana mi nawashauri watu waandike na muda, mfano "nijaribuni wiki tatu, nisipowatambua wala kumeza, msiendelee." Hapo umetupa njia ya kuanza na njia ya kuacha.

Jambo jingine, karatasi inafanya kazi pale tu wewe huwezi kujisemea. Kama unaongea na akili iko sawa tunakuuliza wewe, hata kama uliandika kinyume chake mwaka jana. Watu wanaogopa kuandika wakidhani wamejifunga, hujajifunga, unafuta muda wowote.

MweraHalisi

Kwa heshima zote mi napingana na huu uzi. Kwetu Rondo kumwekea mtu hai maneno ya kufa ni kumwitia. Mzee wangu ukimuuliza "ukizidiwa tufanyeje" atasema mnasubiri shamba. Uhai ni wa Mungu, sisi tutibu, basi. Hizi karatasi mwisho wake ni kuruhusu watu wauliwe wodini kwa sababu ya gharama.

BarazaLaLindi

@MweraHalisi hofu yako nakuelewa ndugu yangu, ya gharama hasa, ila tuweke mambo sehemu yake. Kumuua mgonjwa ni haramu na hakuna karatasi inayolihalalisha hilo. Suala la mashine wanazuoni wameshalikalia zamani, baraza la kimataifa la fiqhi (sheria za Kiislamu) lilikutana Amman Jordan Oktoba 1986 wakakubaliana kwamba madaktari mabingwa wakithibitisha ubongo umekufa kabisa na haurudi, inafaa kuondoa mashine hata kama moyo unadunda kwa msaada wa mashine hiyo. Hapo tunaongelea aliyekwisha ondoka, hatuongelei mgonjwa aliye hai.

Na sisi Waislamu wosia tumehimizwa, mtu asilale siku mbili ana la kuusia isipokuwa liwe limeandikwa. Tumezoea kudhani ni la mali peke yake. Mimi langu nimeandika mpaka nani akae upande wa kichwa changu anitamkishe shahada, na sasa nataka nisifungwe mikono bila wanangu kuambiwa sababu. Hili la mwisho nitaliongeza leo kwa ajili ya uzi huu.

MtotoWaNdanda

Na upande wa Wakatoliki niongeze, Papa Pius wa 12 alizungumza na madaktari wa usingizi Novemba 1957 akasema mgonjwa anawajibika kutumia njia za kawaida za kutunza uhai, zile nzito zisizo za kawaida halazimishwi. Katekisimu nayo inasema hivyo hivyo, kuacha matibabu mazito yasiyolingana na faida yake si kutaka kuua, ni kukubali kwamba huwezi kuzuia. Babu yangu katekista ndo alinifundisha, akafa nyumbani kwa amani na sakramenti zake zote.

WakiliKijana_Mtw

Nashuka na upande wa sheria maana naona watu watachanganya.

Asili yake kwanza. Aliyeleta wazo hili kwa maandishi ni wakili wa Chicago anaitwa Luis Kutner, 1969. Mwaka 1976 kesi ya binti anaitwa Karen Ann Quinlan ikatikisa Marekani, yuko kwenye mashine, hana fahamu, wazazi wanataka itolewe na madaktari wanakataa, mahakama ya juu kabisa ya New Jersey ikawapa wazazi haki, na mwaka huo huo California wakatunga sheria ya kwanza ya kutambua karatasi hizi. Kilichonigusa mimi kwenye ile kesi ni kwamba mashine ilitolewa na binti akaendelea kupumua mwenyewe miaka mingine 9, mpaka 1985. Kwa hiyo kutoa mashine na kufa ni vitu viwili. Mwaka 1990 bunge lao likaagiza hospitali zimuulize mgonjwa anapolazwa kama ana karatasi hiyo. Uingereza wana sheria ya 2005, na ukitaka kukataa tiba inayokushikilia uhai lazima iwe kwa maandishi, saini yako, shahidi, na useme wazi kwamba unakataa hata kama uhai uko hatarini.

Kwetu Tanzania bunge halijatunga sheria ya namna hiyo. Kwa hiyo karatasi yako msiichukulie kama amri ya mahakama, ni ushahidi wa matakwa yako, na ushahidi ulioandikwa, una tarehe na mashahidi, una uzito mkubwa kuliko ndugu watatu wanaokumbuka neno moja la barazani. Kusaidia mtu kujiua ni jinai, hilo usiliandike, halitatekelezwa.

Makosa mawili nayaona sana. La kwanza, mtu anachomeka matakwa ya matibabu ndani ya wosia wa mali. Wosia wa mali unaanza kazi ukishakufa! Utafunguliwa baada ya mazishi wasome "msinipeleke ICU". Tenganisha karatasi. La pili, mtu anampa mwanae hati ya uwakilishi (ya kutenda mambo kwa niaba yake) anadhani imemaliza. Hati ya kawaida ya uwakilishi kwa sheria yetu ya mikataba inakoma aliyeitoa akipoteza akili timamu, yaani inakufa siku ile ile unayoihitaji. Wamarekani na Waingereza wametunga hati maalum ya kuvuka hapo, sisi bado. Kwa hiyo msemaji wako mtaje ndani ya karatasi ya matakwa, na muite aliye na nguvu ya kimila asaini kama shahidi. Kwa mleta uzi huyo angekuwa mjomba. Mjomba aliyesaini hasimami mlangoni.

BintiTandahimba (mleta uzi)

@WakiliKijana_Mtw hiyo sentensi ya mwisho nimemsomea baba.

@NesiZamuYaUsiku Mungu akulipe. Hakuna aliyetuambia kwamba mpira ungeweza kuwa wa muda. Au labda tuliambiwa tukiwa tunabishana.

MsafiriWaOceanRoad

Mi nitaongea kama mgonjwa kwa sababu naona wote mnaongea kama ndugu wa mgonjwa. Nina saratani, nimetibiwa hospitali ya saratani ya Ocean Road kule Dar, imerudi, na safari hii wameniambia wazi kwamba wanachotibu ni maumivu. Wanaita tiba shufaa. Natumia mofini ya maji, nakunywa kwa vipimo kila masaa manne, nikiruka dozi moja najuta. Inafunga choo vibaya sana kwa hiyo ukipewa mofini dai na dawa ya kulainisha choo hapo hapo, usisubiri.

Kuandika kwangu kulikuwa rahisi kuliko kumsomea mke wangu. Nilimsomea jikoni akiwa anapepeta mchele, hakugeuka mpaka nilipomaliza. Nimeandika maumivu yakizidi nipewe dawa ya kutosha hata kama nitasinzia siku nzima. Nikishindwa kula nisilazimishwe, nilowanishwe midomo tu. Moyo ukisimama waache. Niwe nyumbani Masasi, chumba cha mbele chenye dirisha la barabarani, nataka nisikie watu wakipita. Na nimeandika mke wangu ndo mwenye neno, kaka zangu wapewe taarifa lakini wasimpigie kikao.

@MweraHalisi ndugu yangu nilivyoandika sijafa. Nilichopata ni usingizi, nilikuwa silali nawaza watafanyaje.

MweraHalisi

@MsafiriWaOceanRoad Mungu akupe nafuu kaka. Sina cha kujibu. Nimesoma yako mara mbili.

MamaMikorosho

Mama yangu hajui kusoma wala kuandika, na ana presha na sukari. Huyu naye anaandikaje? Na nitaanzaje kumuuliza bila kumtia hofu?

NesiZamuYaUsiku

@MamaMikorosho mwandikie wewe kwa maneno yake, usiyanyooshe, akisema kimakonde andika kimakonde. Msomee yote kwa sauti mbele ya watu wawili watatu, mmoja asiwe mtoto wake, aweke dole gumba na tarehe. Mrekodi na sauti kwenye simu, sauti ya mama mwenyewe ikichezwa kwenye korido inanyamazisha watu. Kuanza usianze na kifo. Anza na mtu mnayemjua, "ulimuonaje yule jirani alivyouguzwa, wewe ungependa vile?" Ila akishajibu usiishie pale kama walivyoishia wenzetu kwenye ming'oko, muulize "una maana gani?" Muulize mpaka akuchoke.

Na karatasi isikae kwenye sanduku chini ya khanga. Iwe kwenye daftari lake la kliniki ya presha, maana hilo ndo mnalolibeba mnapokimbilia hospitali.

BintiTandahimba (mleta uzi)

Narudi wakuu, nilikuwa kijijini wiki nzima.

Nimekaa na baba. Ana miaka 74, anatembea, analima kidogo, ana presha. Niwe mkweli, nilienda na karatasi nimeshaiandika nusu kichwani. Baada ya yaliyomkuta mama nilikuwa na uhakika baba atasema mniache nyumbani, nilikuwa naenda kuthibitisha tu. Nikamuanza kama nesi alivyosema, nikamuuliza ulimuonaje mama alivyouguzwa.

Akanyamaza sana. Akasema, "Mama yenu hakuzungushwa. Alikaa siku 11 pale pale." Nikamuuliza una maana gani. Akasema, "Mimi nizungusheni. Mitengo, Dar, popote penye daktari, nijaribiwe. Nataka nijue nilijaribiwa."

Jamani. Nimeishi na yule mzee maisha yangu yote.

Nikamuuliza mpaka akachoka kweli. Mashine ya kupumulia anaikubali, lakini wiki mbili, asiporudi kujitambua itolewe na arudishwe nyumbani hata kama ni kwa ambulensi njia nzima. Mpira wa puani anaukubali wiki sita. Mkono wake usifungwe, akae mtu aushike, tupokezane, tuko watoto watano hatushindwi. Gharama zitoke kwenye korosho za msimu na mbuzi, shamba la bondeni lisiuzwe hata iweje, hilo ni la wajukuu, na fedha zikiisha tuseme zimeisha tusikope. Msemaji kamtaja mdogo wangu wa mwisho. Sio kaka mkubwa, sio mimi. Nilivyomuuliza kwa nini akasema "huyu halii haraka." Imeniuma kidogo lakini ni kweli.

Tumeandika kwenye karatasi mbili za daftari kubwa, mwandiko wangu maneno yake. Mashahidi ni shangazi yaani dada yake wa tumbo moja, mwenyekiti wa kijiji na jirani. Kaka na dada niliwapigia wote wawili, wakaja. Walikaa mkeka mmoja kusikiliza inasomwa, dada upande huu kaka upande ule, shangazi katikati. Hawajaongea bado. Ila kaka aliposikia kile kipengele cha mkono alitoka nje akakaa chini ya mkorosho muda mrefu, na aliyemfuata na kikombe cha maji ni dada.

Karatasi yenyewe ipo kwenye daftari la kliniki, kopi anayo mdogo wangu, picha ninayo kwenye simu. Jana usiku baba kanipigia, anasema lile la kusafishwa figo tuliliruka, kuna mzee wa kijiji cha pili anafanyiwa na anataka kwenda kumuuliza kwanza ikoje kabla hajasema ndiyo au hapana. Jumamosi nampeleka.